Jezi Zilizofuliwa Ijumaa

Namba tano ilikuwa na damu kwenye kola, na damu haitaki maji ya moto. Libérate akaitenga, akaitia kwenye ndoo ya maji baridi peke yake, kisha akarudi kwenye beseni la kuogea ambamo namba sita hadi kumi na moja zilikuwa zimelowekwa tangu alfajiri. Alifua kwa kufuata namba. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo, lakini jezi, bukta na soksi za timu nzima zikichanganyika, mtu anaweza kupoteza nusu siku akitafuta soksi moja. Alipiga magoti juu ya taulo kuukuu, akasugua mabega kwanza, halafu mbavu, halafu pindo, huku akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini.

Amne alisimama mlangoni na kanga yake na mswaki mdomoni.

"Mama Diane, leo naoga saa ngapi? Au niingie humo nioge na namba nane?"

"Namba nane ana mke. Ngoja kidogo."

"Ana mke, goli hana. Juzi wamefungwa tena?"

"Tatu bila."

"Eti huyu kocha mpya aliletwa wapande daraja."

"Kupanda wanapanda," Libérate akasema bila kuinua kichwa. "Wanapanda basi, wanarudi nyumbani."

Amne akacheka mpaka povu la dawa ya meno likamwangukia kidevuni. Alikuwa Mzanzibari, msusi katika saluni moja ya katikati ya jiji, na alipanga chumba kidogo cha flati ile ya mtaa wa Umbilo. Vyumba viwili vilivyobaki walikaa Libérate, mumewe Aloys na binti yao Diane, watu wa Burundi. Bafu lilikuwa la wote, lakini Jumatatu hadi saa sita mchana lilikuwa la Comets, na kila mtu mle ndani alilijua hilo, kwa sababu pesa ya Comets ndiyo iliyolipa zaidi ya nusu ya kodi.

Comets ilikuwa timu ya wachezaji wa kulipwa ya daraja la pili, yenye kiwanja chake nyuma ya viwanda vya Jacobs. Msimu uliopita ilishika nafasi ya tatu. Julai ikaleta kocha mpya, Bwana Vermaak, aliyekuja na kompyuta, filimbi ya chuma na ahadi iliyoandikwa gazetini. Sasa ilikuwa Februari 2013. Michezo kumi na sita ilikuwa imechezwa, timu imeshinda miwili.

Saa nne hivi mlango ukagongwa. Alikuwa Baba Ngcobo, mtunza vifaa wa timu. Mzee huyu alikuja Jumatatu alfajiri kuleta mifuko ya nguo chafu na Alhamisi kuchukua safi. Kurudi Jumatatu hiyo hiyo, mikono mitupu, hakujawahi kutokea. Alikuwa amevua kofia tangu ngazini.

Waliongea kama walivyoongea siku zote, kwa Kiingereza cha kuokoteza, na Kizulu kidogo pale Kiingereza kilipokwisha.

"Keti, baba."

"Nitasimama. Mama, wachezaji wanataka kukuona Jumatano, baada ya mazoezi."

"Kuna jezi imepotea?"

"Hakuna."

"Imechanika? Nilishona ile ya kipa, kama uzi umeachia—"

"Hakuna iliyochanika." Mzee akaizungusha kofia mikononi. "Wanasema unafua bahati yao."

Libérate akadhani amesikia vibaya. Akajifuta mikono kwenye sketi, akasubiri.

Baba Ngcobo akaeleza kama mtu anayehesabu vitu vya stoo, kimoja baada ya kimoja. Kila Ijumaa alikuja mganga kutoka bara. Jezi za mechi zilitundikwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mganga akazifukiza kwa majani na mizizi yake, ile dawa ambayo wenyewe huiita muti. Mambo hayo yalikuwepo kabla yeye hajaajiriwa. Wapo wachezaji walioamini kabisa, wapo walioamini kidogo, na wapo ambao hawakuamini ila hawakuthubutu kuingia uwanjani bila. Hakuna aliyemwambia mfuaji, kwa sababu hayakumhusu. Nguo zilitoka kwake Alhamisi zikiwa safi, zikarudi Jumatatu zikiwa chafu.

"Mpaka Septemba," Libérate akasema taratibu.

"Mpaka Septemba."

Tangu Septemba, jezi zilirudi kwake pia Ijumaa mchana. Zilinuka moshi na kitu kama nyasi zilizoungua. Yeye alidhani stoo imekaribiana na wachoma nyama. Alizifua upya, akazipiga pasi zikiwa bado na unyevu, na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mzee akazifuata. Ijumaa moja ilimpatia two-fifty, randi mia mbili na hamsini. Alimshukuru Mungu kwa hizo Ijumaa.

"Aliyeagiza ni kocha," akasema. "Wewe ndiye uliniambia: kocha anasema zinanuka, fua tena."

"Ndiyo."

"Na kocha anasema nini sasa?"

Baba Ngcobo akaangalia bomba la maji. "Kipa alikuta jezi yake inanukia sabuni badala ya moshi. Akauliza mbele ya wote. Kocha akasema yeye hajui. Akasema labda mfuaji anafua mara mbili ili alipwe mara mbili."

"Na wewe ulisema nini, baba?"

"Mimi nina miaka kumi na tisa pale, mama. Nimebakiza miwili nipumzike."

Kutoka chumbani kwa Amne redio ilitangaza foleni za barabarani. Libérate alikuwa amewahi kuona watu wengi wakinyamaza pale walipotakiwa kusema, na hakumwona mzee huyu kuwa mbaya kuliko hao. Lakini hakumkaribisha tena kuketi.

"Wanataka nini?"

"Usimame mbele yao, ukubali, uombe msamaha. Na utoe mbuzi, mganga azisafishe jezi upya. Usipofanya hivyo, kazi atapewa mwingine." Akafika mlangoni, akageuka. "Na kuna maneno mengine. Wanasema wewe mgeni. Wanasema labda umetumwa."

*

Aloys alirudi jioni kutoka Jacobs, alikokuwa mlinzi wa geti la kiwanda cha rangi. Alisikiliza habari yote akiwa amevaa buti moja, lingine mkononi.

"Bon," akasema mwishowe. "Sema pardon, inaisha."

"Pardon ya nini?"

"Ya amani. Mtu anasema pardon hata kama hakukosa. Unasema, wanafurahi, unarudi kufua."

"Nikubali kwamba nilifua bahati yao?"

"Si maneno tu, Mama Diane? Maneno yana uzito gani?"

Libérate alikuwa anapakua maharage. Akaweka mwiko chini. "Baba Diane, sikiliza vizuri. Leo nakubali ya jezi. Kesho mtu anavunjika mguu, nani alimvunja? Mama Diane. Mke wa mtu anakosa mimba, nani? Mama Diane, si alikubali mwenyewe mbele ya watu wote? Wewe unafikiri hapa iko mwisho wake?"

"Wewe hukukuwa hapa two thousand eight. Mimi nilikuwa. Watu walianza na maneno madogo kama haya, wakaishia kupiga wageni, na sisi tulilala kanisani wiki tatu. Mgeni anapunguza sauti. Ndivyo nilivyobaki mzima."

"Sauti nimepunguza miaka mitatu. Mimi hata kuimba naimba chini."

Amne, aliyekuwa anakula nao kwa sababu gesi yake ilikwisha, akaingilia. "Shemeji, mie nisikufiche. Kwetu mtu akikubali jambo la uchawi, hata kwa utani, anahama mtaa. Ukishalisema mwenyewe, wenzio hawahitaji shahidi."

"Wewe Amne unakula maharage yangu na unanipinga."

"Maharage ni ya mkeo. Wewe umeleta buti tu."

Diane akacheka, baba yake akamtazama, akaacha. Aloys alifikiri sana usiku ule, kwa nia njema kabisa, na asubuhi akaondoka na uamuzi ambao hakumwambia mtu.

*

Jumanne mchana Libérate alikuwa anatoka dukani kwenye barabara ya Umbilo, na mche wa sabuni ya kijani kwapani, gari jeupe likasimama kando yake. Kioo kikashuka. Kocha Vermaak alikuwa na miwani ya jua iliyosukumwa juu ya paji la uso, na macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

"Naomba dakika mbili. Ingia, kuna kiyoyozi."

"Nasikia vizuri kutoka hapa, kocha."

Akazima injini. Watu walipita kati ya gari na ukuta, na Libérate ikambidi asogee kila mara, mwishowe akawa ameinamia dirisha kama mtu anayeomba kitu. Alipojiona hivyo kwenye kioo cha pembeni, akasimama wima. Sasa ikawa kazi ya kocha kuinua shingo.

"Kesho waambie ulichanganya siku," kocha akasema. "Ulidhani Ijumaa ni siku ya kufua. Kosa la kawaida. Mbuzi nitalipia mimi, hakuna atakayejua. Na nitakuongezea nguo za mazoezi, mpaka Juni."

"Kwa nini hukuwaambia wachezaji wako mwenyewe?"

Kocha akashika usukani kwa mikono miwili ingawa gari halikuwa linakwenda. Mke wake alikuwa Pretoria. Tangu Julai alikuwa analala nyumba ya wageni, na jana mwenyekiti alikuwa amemwambia kwamba akipoteza Jumamosi asipange nguo zake kabatini tena. Hayo hakuyasema. Alisema:

"Nilitaka washinde kwa mazoezi. Washinde mechi tano, sita, halafu niwaambie: mnaona? Jezi zilikuwa zimefuliwa. Ni miguu yenu tu."

"Na hawakushinda."

"Hawakushinda."

Libérate alimwelewa, na hilo lilimshangaza. Mtu huyu alikuwa ametaka kuwaonyesha wenzake jambo ambalo aliliona kuwa kweli, na alitaka kuwaonyesha kwa mikono ya mwanamke aliyepiga magoti bafuni Umbilo bila kujua anafua nini.

"Jezi nitafua," akasema. "Hilo lako, kocha, fua mwenyewe."

Akahamishia sabuni kwapa la pili, akaenda zake.

*

Chumba cha kubadilishia nguo cha Comets kilikuwa kirefu, chenye benchi pande zote na dirisha moja lililotazama bomba la moshi la kiwanda. Jumatano saa nane mchana wachezaji walikuwa wameketi, wengine wakiwa bado na barafu magotini. Kocha alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Baba Ngcobo alikuwa kwenye kona, karibu na mifuko miwili ya jezi nyeupe za ugenini, chafu tangu mechi ya ugenini iliyotangulia, zilizokuwa zimebaki stoo bila kupelekwa. Mechi ya Jumamosi ilikuwa ya ugenini, Pietermaritzburg. Mifuko ile ilikuwa inamsubiri mfuaji, yeyote atakayekuwa.

Katikati ya chumba kulikuwa na meza, na juu ya meza kreti moja ya bia, chupa kumi na mbili, hazijafunguliwa.

Libérate aliitazama kreti ile bila kuielewa. Nahodha, beki mrefu aliyeitwa Mthunzi, akanyoosha mkono kuelekea kiti. Alikuwa mtu wa adabu, na alianza kwa adabu.

"Mama, asante kwa kuja. Tusichukue muda wako. Mumeo amekwisha kukiri, bado wewe tu useme kwa mdomo wako, halafu tuongee habari ya mbuzi."

"Mume wangu?"

"Alikuja jana jioni. Alileta hii." Akagusa kreti. "Alisema anaomba tusikasirike, anaomba mambo yaishe. Mtu huleta faini kwa sababu amekosa, au sivyo?"

Libérate akaigeukia kreti. Aliona jambo lote kwa mara moja: Aloys ametoka getini kwake na sare yake ya ulinzi, kreti begani, anavuka barabara ya Jacobs kati ya malori, anafurahi kwamba amepata njia. Kwao milimani Burundi mtu hafungui kinywa mbele ya wenzake waliokasirika kabla ya kuweka kinywaji katikati. Baba yake alifanya hivyo, na baba wa Aloys. Hapa meza hiyo hiyo, chupa hizo hizo, zilikuwa zimemhukumu kabla hajafika.

Alikuwa na njia mbili. Angeweza kumwacha mumewe abaki kuwa mtu aliyekiri, na yeye akamalizia. Au angeweza kusema mbele ya wanaume ishirini na watano kwamba mumewe hakujua alichofanya. Hakukaa.

"Hiyo si faini," akasema. "Kwetu watu wakiwa na jambo, mmoja analeta kinywaji, kinawekwa katikati, wanakunywa, ndipo wanaanza kusema. Hata aliyekosewa anaweza kuleta. Mume wangu hakukiri. Amewaambia: jamani, tuongee. Kama kwenu ina maana nyingine, yeye hakujua, na nyinyi hamkumuuliza."

"Eish," mtu akasema kwenye benchi. "Mama anabadilisha bia kuwa chai."

Wachache wakacheka. Mthunzi hakucheka.

"Haya. Jezi za Ijumaa ulifua au hukufua?"

"Nilifua. Kila Ijumaa tangu Septemba. Nililetewa kwenye mfuko, nikaambiwa zinanuka, fua tena. Sikujua habari ya mganga. Ningejua ningeuliza."

"Nani alikuambia?"

"Kocha."

Vichwa vyote vikageuka mlangoni. Kocha Vermaak akavua miwani kutoka kwenye paji, akaikunja. "Sikumbuki kuagiza hivyo," akasema.

Kipa, kijana mnene aliyekuwa wa kwanza kugundua harufu ya sabuni, akainuka nusu. "Mimi nina swali. Wakati unafua, unasema kitu? Unanong'ona? Binamu yangu anakaa jirani na jengo lenu, anasema unanong'ona."

"Naimba. Naimba kwaya kanisani, na bafuni najizoeza."

"Tu?"

"Na naomba." Libérate akaona jinsi walivyokakamaa, lakini alikuwa amekwisha kuanza, na hakuona aibu katika jambo lile. "Naomba kwa namba. Namba mbili, Mungu umlinde goti, maana naona bandeji inavyoacha gundi kwenye bukta. Namba tano, naomba asigongane vichwa, kwa sababu damu kwenye kola ni kazi. Wewe kipa nakuombea mikono. Miaka mitatu sijaruka namba hata moja."

"Na bado tunafungwa!" mtu akapiga kelele.

"Namba tisa," Libérate akasema, akimtafuta kwa macho, "nimekuombea sana kuliko wote. Lakini mwanangu, goli liko mbele. Mungu hawezi kukugeuza shingo kila wiki."

Winga wa kushoto akapasuka kwa kicheko, akafuatwa na mwingine, mpaka benchi zikalia juu ya saruji. Namba tisa mwenyewe alijifunika uso kwa taulo, mabega yakimtikisika. Mthunzi alijaribu kushikilia sura ya nahodha, akashindwa. Vicheko vilipopungua, aliitazama tena kreti, sasa kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.

"Kwenu, mtu akileta hii na wenzake wasinywe?"

"Wamekataa kuongea naye."

Kwenye wiki ya mechi bia ilikuwa na adhabu, na kila mmoja pale aliijua. Mthunzi akachukua chupa, akaing'oa kifuniko kwenye ukingo wa meza, akanywa funda moja akimtazama kocha, kisha akairudisha mezani. Hakuna mwingine aliyegusa.

Libérate aliona kwamba hapo ndipo wanapoishia, kwamba hawatamwambia hapana wala hawatamwambia ndiyo. Basi akaenda kwenye kona, akaishika mifuko.

"Hizi za Jumamosi anafua nani?"

Akauvuta mfuko mmoja kuelekea kwake.

"Basi nafua mimi. Kesho saa kumi zitakuwa tayari. Ijumaa fanyeni mambo yenu, sitauliza, si kazi yangu. Lakini mtu akiniletea Ijumaa mlango hautafunguka, awe nani. Anayetaka zifuliwe Ijumaa azifue humu ndani, mbele yenu, kwa mikono yake."

"Na tukifungwa Jumamosi?" kipa akauliza.

"Mtakuwa mmefungwa. Jezi zitakuwa safi."

Mfuko wa kwanza aliuburuta. Wa pili ulikuwa mzito zaidi, una matope ya wiki nzima yaliyokauka, na mkanda wake ulikuwa umekatika upande mmoja. Alipouinua ukamponyoka. Akauinua tena. Alikuwa amefika katikati ya chumba, wanaume wote wakimtazama, aliposikia uzito umepungua. Baba Ngcobo alikuwa ameshika upande wa pili.

"Nilizibeba mimi," mzee akasema. Alisema kwa Kizulu, na kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika katika chumba kile. "Kila Ijumaa saa sita. Kocha alinipa mkononi, nami nilimpelekea mama huyu. Yeye hakujua. Mimi nilijua, nikanyamaza, na Jumatatu nikanyamaza tena. Sasa nimesema."

Kocha Vermaak akafungua mdomo. "Zilikuwa zinanuka," akasema, karibu kwa kusihi. Akageuka, nyayo zake zikasikika kwenye changarawe, zikielekea uwanjani ambako hakukuwa na mazoezi tena.

Getini mzee na Libérate walisubiri teksi, mifuko miguuni, mpaka gari liliposimama. Dereva akataka nauli ya mtu wa pili kwa ajili ya mifuko. Baba Ngcobo akabishana naye kwa Kizulu kirefu, akashinda.

"Miaka yako miwili, baba?" Libérate akauliza akiwa amekwisha kuingia.

"Tutaona Jumatatu," mzee akasema. "Mimi na wewe wote."

*

Aloys alikuwa zamu ya asubuhi, akafika nyumbani dakika chache baada yake. Alisimama mlangoni mwa bafu, pale Amne aliposimama Jumatatu, na alijua kutokana na jinsi brashi ilivyokuwa inapiga kwamba habari ya kreti imejulikana.

"Nilipeleka kinywaji tu," akasema. "Kama nyumbani."

"Najua."

"Sikusema umekosa. Nakuapia. Nilisema tuongee."

"Najua, Baba Diane. Nimewaambia hivyo hivyo mbele yao. Lakini nilikuta wamekwisha kunizika, na udongo umeleta wewe. Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa. Kwa hiyo?"

Aloys alitazama maji yakigeuka kahawia. Baadaye akauliza, kwa sauti ndogo: "Wamekunywa?"

"Nahodha. Funda moja."

"Bon."

"Bon nini?"

"Amekunywa. Basi wameongea."

Libérate alitaka kuendelea kukasirika. Akamtazama mtu huyu na sare yake, jina la kampuni limeanza kubanduka mfukoni, na uso wake ulioridhika kwa funda moja la bia, akacheka bila kupenda. Aloys akaanza kukunja mikono ya shati.

"Nisogeze hiyo ndoo?"

"Ndoo sogeza. Brashi usiguse. Na Jumatatu, ukiona nimeitwa mahali, usinitangulie."

"Sitakutangulia."

Jezi nyeupe ndizo ngumu. Zile nyekundu za nyumbani huficha mengi. Nyeupe huonyesha kila nyasi ambayo mtu ameiangukia. Alisugua kwa sabuni ya kijani, akapaka chumvi na ndimu penye madoa, akasuuza mara tatu. Siku hiyo aliimba, na aliimba kwa sauti yake ya kanisani, ile inayofika benchi la mwisho. Jirani wa ghorofa ya chini akagonga bomba. Hakuacha.

Jua lilikuwa bado liko juu ya paa za mtaa wa Glenwood alipomaliza kumi na moja za kwanza. Miaka mitatu alizianika uani, nyuma, kati ya mapipa ya taka, kwa sababu hakutaka maswali. Leo alimwambia Aloys afunge kamba kwenye roshani ya mbele, juu ya barabara ya Umbilo. Akazibana moja moja, migongo ikitazama nje, namba moja mpaka kumi na moja.

Amne aliyekuwa anarudi kutoka saluni alizihesabu kutoka chini, akapanda ngazi mbiombio. "Mama Diane! Umefungua ubalozi?"

Kijana mmoja aliyekuwa anapita na wenzake akasimama, akainua kichwa. "Comets! Nyinyi mnafungwa hata kwenye kamba!"

Aloys akarudi nyuma hatua moja, kwa mazoea. Libérate akainama juu ya ukuta wa roshani, vibanio viwili bado mdomoni. Akavitoa.

"Jumamosi nenda ukaone!" akamjibu kwa Kiingereza, mtaa mzima ukasikia. "Na ukirudi pita hapa, nitakuwa nafua!"

Kijana akacheka, akampungia mkono, akaendelea na safari yake.

Ndani bafuni namba kumi na mbili na zote zilizofuata zilikuwa kwenye beseni, zimelala chini ya maji, madoa ya kijani yakianza tu kulegea pembeni. Amne akachungulia, mswaki tayari mkononi kwa matumaini.

"Na hizi?"

"Kesho. Ziache zilowe."

"Na mimi nioge wapi leo?"

"Kwenye ndoo, mdogo wangu," Libérate akasema, akaning'iniza brashi kwenye msumari wake. "Usimwage maji."